Deni la Mwenye Kuelekeza

Mgeni akifika njia panda akauliza iliko nyumba ya fulani, mtu wa kwanza atakayekutana naye humwonyesha kwa mkono na kumwambia, "Fuata njia hii, upite mwembe mkubwa, nyumba iko mkono wa kulia." Ni msaada mdogo. Haugharimu hata senti moja, na aliyeutoa huusahau kabla mgeni hajapotea machoni. Lakini mgeni hawezi kuusahau, kwa kuwa yeye aenda kwa neno hilo. Miguu yake, wakati wake, na haja iliyomtoa kwao, vyote amevikabidhi kwa neno la mtu asiyemjua. Akifika akakuta mwembe ulikatwa na nyumba ilibomolewa mwaka uliopita, atasimama juani peke yake, na aliyemwelekeza hatakuwapo kumsikia.

Je, aliyeelekeza ana lawama? Siulizi habari za mwongo, maana hukumu ya mwongo haina shaka. Nauliza habari za mtu mwema aliyesema kweli kama alivyoijua, lakini kweli ile ilikuwa imehama, naye hana habari. Wahenga walisema kwamba ahadi ni deni. Mimi nadai katika insha hii kwamba kuelekeza ni namna ya ahadi, na kwa hiyo ni deni. Na kwamba deni hili, lililokuwa dogo zamani, limekuwa kubwa katika siku zetu, kwa sababu leo kila mwenye simu mkononi ni mwelekezaji wa watu asiowaona.

Tazama namna tunavyosoma siku hizi. Sehemu kubwa ya habari tunazozitafuta imo katika kurasa za mtandao, na kurasa hizo huelekezana. Mwandishi hutia nyuma ya maneno fulani anwani ya ukurasa mwingine; msomaji akiyagusa maneno hayo, ukurasa ule humfungukia. Jambo hili huitwa kiungo. Mpango wa kurasa zilizoungwa hivi ulibuniwa mwaka 1989 na Mwingereza Tim Berners-Lee, alipokuwa akifanya kazi katika CERN, taasisi ya utafiti wa fizikia iliyo karibu na mji wa Geneva, Uswisi. Ukurasa wa kwanza ulianza kusomwa na watu wa nje mwaka 1991, na mwaka 1993 CERN iliutoa uvumbuzi huo kwa walimwengu wote bila malipo.

Katika mpango huo palikuwa na jambo moja la ujasiri. Mtu yeyote aliweza kuelekeza kwenye ukurasa wa mtu yeyote bila kuomba ruhusa, wala mwenye ukurasa hakuhitaji kupewa habari kwamba ameelekezewa. Uhuru huo uliuwezesha mtandao kuenea dunia nzima kwa miaka michache. Lakini uhuru huohuo ni mzizi wa taabu tunayoizungumza. Mwenye ukurasa akiuhamisha au akiufuta, hajui ni nani waliomtegemea. Na waliomtegemea hawajui kwamba ameondoka. Kiungo hubaki mahali pake kama kidole kilichonyoshwa kuelekea uwanja mtupu. Msomaji akikigusa hujibiwa kwa tarakimu tatu, 404, ambazo maana yake ni kwamba alichokitafuta hakikuonekana.

Usidhani kwamba jambo hili ni la nadra. Taasisi ya utafiti ya Marekani iitwayo Pew Research Center ilizichunguza kurasa zilizokuwako mwaka 2013, ikaona kwamba kufikia Oktoba 2023 kurasa 38 katika kila 100 hazikuweza kufunguliwa tena. Ni miaka kumi tu. Kitabu kilichopigwa chapa mwaka 2013, kama hakikuliwa na mchwa wala kunyeshewa na mvua, kingali rafuni na maneno yake ni yaleyale. Hata ukurasa wa kwanza kabisa wa mtandao haukusalimika. Ulikuwa ukibadilishwa mara kwa mara, na kwa kuwa kila badiliko lilifuta lililotangulia, sura yake ya siku ya kwanza haikuhifadhiwa. Mwaka 2013 watu wa CERN walianza kazi ya kuurudisha katika anwani yake ya kale kwa kutumia nakala za baadaye. Ikiwa waliobuni njia wenyewe walipoteza hatua yao ya kwanza, sisi tunaopita baadaye tuna sababu ya kuwa waangalifu.

Tuulize, kwa nini anwani hufa? Sababu zake si za ajabu. Taasisi hubadili jina lake. Ofisi hununua programu mpya ya kupangia kurasa zake, na kwa siku moja anwani zote za zamani zinakuwa si kitu. Jina la tovuti hukodishwa kwa ada, na mwenye kukodi akisahau kulipa, jina huchukuliwa na mwingine. Shirika hufungwa, mtunzaji hustaafu, mwandishi hufariki. Hakuna hata moja katika hayo ambalo ni ovu kwa asili yake. Ni mambo ya kawaida ya maisha ya wanadamu, nasi twayajua kwa njia nyingine pia.

Chukua mfano wa jiji la Nairobi. Barabara iitwayo leo Kenyatta Avenue iliitwa Delamere Avenue wakati wa ukoloni, na iitwayo Moi Avenue iliitwa Government Road. Majina yalibadilishwa kwa sababu njema: taifa huru lina haki ya kuziita barabara zake kwa majina linayoyataka. Sasa fikiri barua iliyoandikwa na mtu wa mbali asiyepata habari, naye ametumia jina la zamani. Barua hiyo haikosi kufika, ikiwa karani wa posta ni mtu mwenye kumbukumbu. Karani huyo hasemi, "Barabara hii haipo." Husema, "Barabara hii ndiyo ile," akaipeleka barua panapostahili. Jina limehama, lakini kumbukumbu ya mtu mmoja imeziba pengo.

Mashine haina kumbukumbu kama ya karani huyo, isipokuwa ile iliyopewa. Walioweka taratibu za mtandao waliliona jambo hili, wakaipa mashine majibu zaidi ya moja. Jibu la 301 maana yake ni, "Nimehama kabisa, na anwani yangu mpya ni hii," na mara hiyo msomaji hupelekwa huko. Jibu la 410 maana yake ni, "Kilikuwapo, nacho kimeondolewa." Jibu la 404 maana yake ni, "Sikioni," wala halisemi kama kitu hicho kimehama, kimekufa, au hakikuwapo tangu awali. Majibu haya yameandikwa kwa tarakimu, lakini tofauti yake ni tofauti ya tabia. Wa kwanza ni mtu aliyehama akaacha neno kwa jirani. Wa pili ni mtu aliyefunga duka lake akabandika tangazo mlangoni. Wa tatu ni mtu aliyeondoka usiku. Kwa kuwa kuacha neno kunawezekana, na kazi yake ni ndogo, asiyeacha hawezi kusema kwamba alizuiwa na mashine.

Mpaka hapa tumezungumza habari za mlango uliofungwa. Lakini liko jambo baya zaidi, nalo ni mlango unaofunguka ukamkuta ndani mtu mwingine. Mwaka 2011 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua kesi iliyohusu michezo ya video yenye ukatili na uuzaji wake kwa watoto. Jaji Samuel Alito, katika maoni yake yaliyoambatana na hukumu, alitaja anwani ya ukurasa mmoja wa mtandao kuwa ushahidi. Baadaye jina la tovuti ile likaachwa na mwenyewe, na mtu mwingine akalinunua. Yeye aliweka hapo ukurasa wa dhihaka, akimwambia kila afikaye kwamba alichokitaja jaji hakipo tena, na kwamba hivi ndivyo zilivyo habari za mtandao. Huyo alikuwa mtani tu. Angeweza kuwa mdanganyifu; angeandika maneno yaliyo kinyume cha yale ya kwanza, na wasomaji wangeyapokea kwa heshima ya jaji.

Wala anwani hiyo haikuwa peke yake. Uchunguzi wa wanasheria wa Chuo Kikuu cha Harvard uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu nusu ya anwani za mtandao zilizotajwa katika hukumu za mahakama hiyo hazikumfikisha tena msomaji kwenye habari iliyokusudiwa. Fikiri uzito wa jambo hilo. Nguvu ya hukumu haitoki katika joho la jaji. Inatoka katika sababu alizozitoa, ambazo raia yeyote aweza kwenda kuzikagua. Sababu zikiwa zimefutika, raia hubaki na amri tupu. Ndivyo ilivyo pia kwa mwalimu, kwa mwandishi wa gazeti, na kwa mwanafunzi aandikaye insha. Mwenye kusema "nenda ukajionee" amempa msomaji uhuru wa kutomwamini. Njia ikikatika, uhuru huo hupotea, na msomaji hulazimika ama kuamini bila kuona, ama kukataa bila kuona.

Sasa tugeuke upande wa pili wa jambo hili, yaani nakala iliyopitwa na wakati. Hapa kiungo kizima, mlango wafunguka, na mwenyeji ni yuleyule. Ila asemayo ni ya zamani. Nakala za namna hii hutokea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mashine. Ili kurasa zifunguke upesi, simu na tarakilishi huweka akiba ya kurasa zilizokwisha kusomwa, na pengine humpa msomaji ile ya akiba badala ya kwenda kuuliza kama imebadilika. Njia ya pili ni ya watu. Mtu huandika ukurasa, akauacha, akashughulika na mengine. Dunia huenda mbele. Ukurasa hubaki pale pale, nao wang'aa kama ulioandikwa asubuhi ya leo. Karatasi kuukuu hugeuka rangi ya manjano, ikamwonya msomaji kwa sura yake. Ukurasa wa mtandao hauzeeki usoni.

Nitakupa mfano ambao waweza kuwa wa kufa na kupona. Kwa miaka mingi dawa ya malaria iliyotumiwa zaidi nchini Kenya ilikuwa klorokwini. Mtu aliyeandika kwamba klorokwini huponya malaria alisema kweli. Lakini vijidudu vya malaria vilizoea dawa hiyo, ikapungua nguvu, hata mwaka 1998 Serikali ikaacha kuiagiza kuwa dawa ya kwanza, ikaweka mchanganyiko wa sulfadoksini na pirimethamini. Dawa hiyo nayo ilishindwa, na mwaka 2004 sera ikabadilishwa tena ili kutumia dawa zenye artemisinini pamoja na nyingine. Sasa fikiri mama aliye na mtoto mwenye homa usiku, zahanati iko mbali, naye afungua simu yake kutafuta shauri. Anaupata ukurasa ulioandikwa kabla ya mabadiliko hayo, hauna tarehe, nao wasema bila kusita kwamba klorokwini yatosha. Aliyeuandika hakusema uongo. Hata hivyo mama yule amedanganywa, na madhara yatampata mtoto.

Hapa twajifunza jambo ambalo vijana wengi hawalitambui: kweli nyingi zina tarehe. Ziko kweli zisizo na tarehe, kama hesabu ya mbili na mbili. Lakini idadi ya majimbo, bei ya unga, jina la waziri, dawa ya ugonjwa na siku ya mwisho ya kupeleka maombi ya karo ni kweli za wakati wake. Kenya ilikuwa na mikoa minane; Katiba ya mwaka 2010 iliweka kaunti 47, nazo zilianza kazi baada ya uchaguzi wa mwaka 2013. Mwenye kuandika "Kenya ina mikoa minane" mwaka 1990 hakukosea. Sentensi yake ikisomwa leo bila mwaka, ni kosa. Maneno hayakubadilika hata herufi moja, lakini kwa kuondolewa tarehe tu, kweli imekuwa uongo.

Pengine utasema, "Basi na tuzifute kurasa zote za kale, ili pasiwe na mtu wa kupotezwa." Shauri hilo laonekana jema, lakini lina hasara kubwa. Muyaka bin Haji, mshairi mashuhuri wa Mombasa, alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yalikuwa yakiishi vinywani mwa watu, nayo yangekufa pamoja na watu hao. Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya baadaye katika karne hiyo, akamsaidia mmisionari Mwingereza William Taylor kuyaandika, na hatimaye mengi yakatolewa katika kitabu mwaka 1940. Mashairi yale yalihusu ugomvi na siasa za Mombasa zilizokwisha pita. Mtu wa akili fupi angesema yamepitwa na wakati. Lakini kama Mwalimu Sikujua angeyahukumu hivyo, leo tungekuwa maskini wa lugha na wa historia. Kwa sababu hiyohiyo Kenya, miaka miwili tu baada ya uhuru, yaani mwaka 1965, iliweka sheria ya kuhifadhi nyaraka za taifa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na taifa bila nyaraka ni vivyo hivyo.

Mtandao nao una watunzaji wake. Mwaka 1996 Brewster Kahle alianzisha huko San Francisco, Marekani, maktaba iitwayo Internet Archive, ambayo hupita katika tovuti na kuchukua nakala za kurasa kabla hazijatoweka. Tangu mwaka 2001 mtu yeyote aweza kuzitazama nakala hizo bila malipo. Haikuzipata kurasa zote, wala haiwezi. Lakini angalia jambo moja katika kazi yake: kila nakala hubandikwa tarehe na saa iliyochukuliwa. Nakala haijifanyi kuwa ukurasa wa leo. Yasema wazi, "Hivi ndivyo ulivyokuwa siku ile."

Basi nakala ya zamani si adui. Iko tofauti kati ya shahidi na kiongozi wa njia. Shahidi hueleza aliyoyaona, mahali fulani, siku fulani. Hatumwombi atuambie mambo ya leo, na kadiri alivyoyashika ya zamani bila kuyageuza, ndivyo thamani yake inavyozidi. Kiongozi wa njia hana budi kuijua njia kama ilivyo leo asubuhi. Ukurasa wa mwaka 1995 juu ya klorokwini ni shahidi mwaminifu kwa mwanahistoria wa tiba, na kiongozi wa hatari kwa mama mwenye mtoto mgonjwa. Kosa ni kumwacha shahidi avae nguo za kiongozi. Na vazi linalowatofautisha, mara nyingi, si kitu kikubwa kuliko tarehe.

Yuko atakayepinga kwa hoja nzito zaidi. Atasema, "Ukurasa ni wangu kama nyumba ilivyo yangu. Nikitaka kuubomoa, ni nani wa kunizuia? Tena, kusahauliwa ni rehema. Mtu aliyekosea ujanani asifuatwe na kosa lake mpaka kaburini." Hoja hii ina haki ndani yake, na haifai kuibeza. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya raia mmoja wa Hispania. Matangazo ya gazeti ya mwaka 1998 yalieleza kwamba mali yake itapigwa mnada kwa sababu ya deni. Deni lile lilikwisha zamani, lakini kila aliyelitafuta jina lake kwa Google alionyeshwa matangazo yale. Mahakama ilisema kwamba mtu aweza kudai kiungo cha namna hiyo kisitolewe tena katika majibu ya jina lake. Lakini gazeti halikulazimishwa kuyafuta matangazo yenyewe. Yaani shahidi aliachwa mahali pake katika kumbukumbu, ila wapita njia walikatazwa kuelekezwa kwake kana kwamba yeye ndiye habari ya leo. Naona hukumu hiyo yapatana na akili. Haki ya kubomoa nyumba yako haikuondolei wajibu wa kuwaambia wageni kwamba umeibomoa.

Sasa naweza kulijibu swali nililoanza nalo. Deni la kuelekeza lina wadeni watatu, na kila mmoja ana sehemu yake.

Wa kwanza ni mwenye ukurasa. Akihama, aache neno la kuonyesha alikohamia. Akiondoa kitu, aseme kimeondolewa. Akisahihisha, aseme amesahihisha nini na lini, wala asiyabadili maneno kwa siri; maana mwenye kubadili kwa siri huwafanya wote waliomnukuu jana waonekane waongo leo. Tena atie tarehe katika kila aandikalo. Hakuna umaskini unaomzuia mtu kuandika tarehe.

Wa pili ni mwenye kuelekeza, na hapo ndipo ulipo wewe, msomaji, kila uandikapo insha au kumtumia mwenzio anwani. Kabla hujamwelekeza mtu, enda wewe mwenyewe kwanza. Usitaje ukurasa ambao hukuufungua. Usitoe anwani peke yake, kwa sababu anwani hueleza mahali tu, nayo mahali hubadilika; taja jina la mwandishi, jina la habari, mwaka ilipoandikwa, na siku uliyoisoma. Kwa njia hiyo, anwani ikifa, jina litamsaidia mfuasi kuitafuta kwingine. Makala za wataalamu hupewa hata namba isiyobadilika, iitwayo DOI, ambayo hubaki ileile ijapokuwa makala imehamia tovuti nyingine, ukiiona, iandike. Na kama jambo ni kubwa, jiwekee nakala ya ulichokisoma, ili ukiulizwa uwe na cha kuonyesha. Baada ya haya yote, ukurasa ukitoweka, lawama si yako. Mtu hadaiwi asichoweza, hudaiwa uangalifu.

Wa tatu ni mwenye kufuata. Huyu naye hana haki ya kukaa kitako akilaumu. Kabla hajaamini, atafute tarehe. Asipoiona, aushuku ukurasa, na hasa kama shauri lake lahusu afya, fedha au sheria. Akikuta mlango umefungwa, asikate tamaa mara moja: atafute kwa jina, au aulize watunzaji wa nakala za kale. Kuuliza si ujinga. Na akisha pata, au akiona kosa, amwarifu mwenye ukurasa kwa maneno ya adabu. Wengi hupita penye kibao kilichoanguka, wakanung'unika, wakaenda zao. Akiinuliwa mmoja na dhamiri akakisimamisha, wote watakaofuata watafika, na hakuna atakayejua jina lake.

Labda utaona kwamba haya ni mambo madogo mno kuitwa wajibu. Tarehe, neno la kuaga, jina la mwandishi: ni nani atakayehukumiwa kwa hayo? Lakini uaminifu wa watu wengi wanaoishi pamoja hauna kitu kingine ulichojengewa isipokuwa mambo madogo yatendwayo na mtu asiyeonekana, kwa faida ya mtu asiyemjua. Aliyepanda mwembe njiani hakumjua utakayempa kivuli. Wewe pia, katika maisha yako, utaandika mengi na utaelekeza wengi. Wengine watakuja baada yako kwa miaka mingi, na kila mmoja atakuja kwa neno lako.

Nami nimejitahidi kuitenda sheria ninayoifundisha. Katika insha hii nimeandika miaka ya mambo niliyoyataja, kwa sababu sijui ni mwaka gani utakaoisoma. Huenda baadhi ya niliyoyasema yatakuwa yamebadilika: dawa nyingine, mahakama nyingine, majina mengine ya barabara. Ukiona hivyo, usinihesabu kuwa mwongo, wala usinifanye kiongozi wa siku zako. Nifanye shahidi wa siku zangu, kisha ukatazame mwenyewe. Na ukipata njia mpya, waandikie wanaokuja nyuma, na usisahau kutia tarehe.